Kumi Ni ya Mungu

Mama Taulo alimjua mgeni wake siku ile ile ya kwanza, hata kabla masanduku hayajafika chumbani. Ukishafanya usafi wa kabini miaka saba kwenye meli za starehe, huhitaji kupigiwa ramli. Mtu anafungua mlango, anapitisha kidole juu ya fremu ya kioo, anakitazama kidole chake, halafu anasikitika kwamba hakukuta vumbi. Hapo jua umepewa msiba wa siku saba.

"Wewe ndiye mhusika wa chumba hiki?" akauliza yule mzee. Alikuwa kavaa suti kamili na tai, kwenye meli ambayo wanaume wenzake wote walikuwa wanazunguka na kaptura na vitambi nje. Mfuko wa kifuani ulikuwa na kalamu tatu: ya bluu, nyeusi na nyekundu.

"Ndiyo, mzee wangu. Karibuni sana. Mkihitaji chochote..."

"Mwalimu," akamsahihisha. "Mwalimu Mkuu. Nimestaafu, lakini ualimu haustaafu."

Nyuma yake mkewe, mama wa makamo mwenye macho ya kucheka, alikuwa keshavua viatu na kukaa kitandani kuonja godoro. "Baba, mwache mtoto wa watu apumue," akasema. Watoto wao wanne ndio waliochanga kuwalipia wazazi ile safari, na mama yule alikuja na nia moja tu, kulala mpaka usingizi wenyewe umkinai.

Sasa, ili umwelewe Mama Taulo, lazima uijue kadi. Siku ya mwisho ya safari kila kabini hupewa kadi moja ya maoni, mgeni ampe mhudumu wake alama, moja mpaka kumi. Akiandika kumi, kompyuta ya ofisini inawaka kijani. Akiandika chini ya kumi, nyekundu. Ndiyo, na tisa nayo nyekundu! Usiniulize mimi, waulize wenye meli, watu waliosoma mpaka akili zikarudi walikotoka.

Mama Taulo alikuwa anamaliza mkataba wa miezi tisa, na katika miezi yote hiyo hakuwa na nyekundu hata moja. Usidhani ni bahati. Aliinama, akabembeleza, akacheka vichekesho vya walevi, akakunja taulo kuwa tembo, kasa na nyani mpaka likawa jina lake. Hii ilikuwa safari yake ya mwisho kwenye mkataba. Msimamizi alimwambia wazi: ukimaliza bila doa, kuna nafasi kwenye hoteli yetu ya nchi kavu, mjini kwenu. Hoteli hiyo iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwa mama yake, na kwa mama yake ndiko anakolelewa binti yake wa miaka sita. Mtoto yule anamwita bibi yake "mama". Mama yake mzazi anamwita "anti wa kwenye simu". Mara ya kwanza kulisikia neno hilo Mama Taulo alikata simu akajifungia stoo ya sabuni, akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Kwa hiyo ilibaki kadi kumi na nne, za kabini zake kumi na nne. Kumi na tatu hakuwa na wasiwasi nazo.

Siku ya pili asubuhi Mwalimu akashuka mapokezi na karatasi ya gharama mkononi, mistari ameshaipigia kwa kalamu nyekundu. Kwenye meli ile kila mgeni hukatwa kidogo kila siku, pesa inayoitwa "ya huduma", na hiyo ndiyo tipu ambayo wafanyakazi hugawana. Mshahara wenyewe ni wa kuonyesha tu kwamba mtu ameajiriwa. Mgeni asiyetaka ana haki ya kuiondoa, ila wengi huona haya. Mwalimu hakuona haya hata chembe.

"Binti," akamwambia msichana wa mapokezi, kwa sauti ya kuhutubia gwaride, "bahashishi ya lazima si bahashishi, ni ushuru! Futa. Mimi nitatoa kwa mkono wangu mwenyewe, siku ya mwisho, kwa anayestahili, nikimtazama machoni. Mtu ajue kapewa na nani na kwa lipi!"

Msichana akafuta. Watu watatu waliokuwa nyuma kwenye foleni walivutiwa mno na hotuba ile, wakafutisha za kwao papo hapo. Hao hata habari za mkono hawakuzitaja.

Habari ikafika kwa wafua nguo kabla ya chai ya saa nne. Dobi mkuu, mwanamke mwenye mdomo usiolala, alimpokea Mama Taulo kwenye lundo la shuka. "Shoga, Kalamu Nyekundu wako kakukata!"

"Amesema atatoa mwenyewe siku ya mwisho."

"Thubutu! Nimefua shuka za watu miaka kumi na moja. Anayesema atatoa mwenyewe siku ya mwisho, siku hiyo humwoni hata kisogo."

"Akinipa asinipe, shauri yake. Mimi nataka kumi yangu."

"Haya, kila la heri," akasema dobi, akitumbukiza foronya za watu mashineni.

Siku hiyo hiyo Mama Taulo akafanya kazi ya kumaliza maneno. Alitandika kitanda kile ungedhani kinapigiwa picha ya harusi, na juu yake akamweka tembo wa taulo, mkonga juu, macho ya vifungo. Aliporudi jioni kubadilisha maji, akakuta kikaratasi mbele ya tembo. Kimeandikwa kwa wino mwekundu, herufi zimenyooka: *Tembo. Masikio madogo, mkonga umezidi. 6/10. Jitahidi.*

Ebo! Alikisoma mara mbili. Akataka kucheka, akajikuta amekasirika kama mtoto wa darasa la nne. Kesho yake akatengeneza kasa, na gamba akalikunja mara tatu. *Kasa. Umbo zuri. Shingo haijanyooka. 6½. Unaweza.* Siku iliyofuata akamweka nyani akining'inia kwenye henga ya nguo. *Nyani. Ubunifu. 7/10. Maendeleo mazuri.* Na kusema ukweli wa Mungu, ile saba ilimfurahisha. Alitembea nayo korido nzima akitabasamu peke yake, kisha akakumbuka kwamba saba ni nyekundu, tabasamu likakauka.

Siku hiyo hiyo ya nne akathubutu. Mwalimu alikuwa mezani, ameweka orodha ya vyakula vya mchana mbele yake na kuisahihisha tahajia.

"Mwalimu," akasema Mama Taulo huku anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu wowote, "samahani, naomba kuuliza. Hivi kuna mtu umewahi kumpa kumi?"

Kauliza kwa hesabu. Wafanyakazi wa meli wana kanuni, imebandikwa hadi mlango wa choo chao: usimwombe mgeni tipu, usimwombe alama, usidokeze, usigune. Anayekutwa anaondoka. Lakini kuuliza mambo ya shule za watu, hiyo si ni mazungumzo?

Mzee akaweka kalamu chini. Alionekana amelisubiri swali hilo tangu astaafu. "Binti yangu, nimefundisha miaka thelathini na minne. Kumi ni ya Mungu. Tisa ni ya mwalimu. Nane ni ya mwanafunzi bora kuliko wote. Nane nimeitoa mara nne tu maishani. Wa kwanza sasa ni daktari. Wa pili ni jaji. Wa tatu alifariki, Mungu amrehemu. Wa nne yuko benki kuu."

"Na mimi nina saba na nusu," mkewe akadakia kutoka kitandani, macho kayafumba. "Miaka arobaini ya ndoa, watoto wanne. Na hiyo nusu ni ya huruma."

"Si ya huruma. Ni ya uvumilivu."

"Umesikia mwenyewe," mama akamwambia Mama Taulo.

Mama Taulo akacheka ili asilie. Alitoka na kitoroli chake akiwa na mahesabu kichwani, na kila alipoyapiga yalikuja yale yale. Mgeni akipenda, nane. Asipopenda, sita. Zote zinamrudisha baharini au zinamtupa nje, na mtoto wake ataendelea kuongea na anti wa kwenye simu.

Siku ya sita Mungu akamletea nafasi. Mwalimu alikwenda ukumbini, kwenye mhadhara wa wageni, kumwuliza maswali mtoa mada, maskini mtoa mada, na mkewe akabaki. Mama Taulo alikuwa anabadilisha foronya.

"Mwanangu, una nini? Siku mbili hizi unatandika kama mtu aliyefiwa."

"Sina kitu, mama."

"Una kitu. Mimi nimelea."

Mama Taulo akatazama mlango. Kanuni inasema asidokeze. Akaona hadokezi, atasema tu habari za mwanawe, na akasema: hoteli, bibi, simu. Kadi hakuitaja. Lakini mama yule hakuolewa na mwalimu miaka arobaini bure, alijua mahali palipo na mtihani lazima pana alama.

"Ni ile kadi, siyo?"

Mama Taulo akanyamaza. Kunyamaza hakumo kwenye kanuni.

"Nitasema naye," akasema mama.

Na kweli alisema naye. Jioni ile, wakati Mama Taulo anapanga taulo kwenye kabini ya jirani, ukuta ukamletea maneno yote. "Mwandikie kumi huyo binti, itakupunguzia nini?" Na jibu: "Mama watoto, mimi siuzi alama. Nikimpa asichostahili nitakuwa nimemtukana." Kisha sauti ya mama: "Una kichwa kigumu, wallahi, hata kofia zinakuonea huruma." Haikusaidia kitu.

Asubuhi ya mwisho, meli imeshafunga gati, wageni wametoa mizigo nje ya milango. Mama Taulo akaingia kabini ile baada ya wenyewe kwenda kustaftahi. Kitandani palikuwa na bahasha nene, imeandikwa: *Kwa Mhudumu Wetu.* Kando yake kadi.

Akaanza na bahasha, maana ilikuwa nene na yeye ni binadamu. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizojaa mwandiko mbele na nyuma, na chini sahihi, na muhuri. Muhuri wa shule! Mtu kastaafu miaka sita, bado anasafiri na muhuri. Noti hakuna, hata ya kununulia stempu.

Akasoma akiwa amesimama. Na hapa nisimwonee mzee, barua ilikuwa nzuri. Aliandika kwamba kona za shuka zilikunjwa kwa pembe moja siku zote saba. Aliandika kwamba kila asubuhi glasi iliwekwa upande wa kulia kwa sababu mhudumu aligundua kwamba mkewe anaumwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemwambia. Wageni elfu ngapi wamepita kwenye mikono ya Mama Taulo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuziona kona zake. Huyu aliziona. Mstari wa mwisho ulisema: *Pesa huisha, neno hubaki. Ndiyo maana nimekuandikia neno.*

Machozi yakamtoka, akayafuta na foronya. Kisha akageuza kadi. Nane! Kubwa, nyekundu, imepigiwa mstari mara mbili. Chini yake: *Wa tano maishani mwangu.*

Akakaa juu ya kitanda cha mgeni, kosa ambalo hakuwahi kulifanya miaka saba. Kadi zina namba, ikipotea inahesabiwa nyekundu. Ikifutwafutwa inahesabiwa nyekundu. Kabla ya saa nne lazima ziwe mapokezi. Akawaza: nikinyamaza, hoteli imekwenda. Nikisema, huenda akabadilisha, maana huyu mzee ana roho, nimeisoma hapa. Kanuni ikatoka kichwani ikapita dirishani. Alichukua kadi akaifuata foleni ya kushuka.

Waliketi ukumbi wa mapokezi wakingoja kushuka, mzee na tai yake, mkewe na mkoba magotini. Mama Taulo akachuchumaa kando ya kiti, sauti chini.

"Mwalimu, asante kwa barua. Sijawahi kuandikiwa hivyo. Lakini hii nane, mwalimu wangu... huku kwetu chini ya kumi ni kufeli. Inawaka nyekundu. Mimi nilikuwa nasubiri kazi ya nyumbani, nikae na mwanangu. Kwa hii nane sipati. Nakuomba, kama inawezekana, andika kumi. Na tafadhali ibaki hapa hapa, kwetu kuomba alama ni marufuku."

Mzee akaipokea kadi. Akaitazama, akamtazama, uso ukaanza kubadilika. Alikuwa ameguswa, usiniambie hakuguswa.

"Nane ni kufeli?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Tisa?"

"Nayo pia."

"Huu ni upuuzi!" Akasimama. "Alama ambayo kila mtu lazima aipate si alama! Kaa hapo, binti yangu. Usiwe na wasiwasi. Nakutetea."

"Mwalimu, hapana, andika tu..."

"Baba, keti!" mkewe akamshika koti. Koti likamponyoka.

Weee! Nani amzuie mtu aliyekosa gwaride la kuhutubia miaka sita? Akavuka ukumbi, akaipita foleni, akapiga kadi juu ya meza ya mapokezi. "Namtaka mkuu wa idara! Mhudumu wangu, huyo pale, amekuja kuniambia kwamba nane ni kufeli! Ameniomba niandike kumi kwa kuwa ana mtoto! Mnawafundisha nini wafanyakazi wenu? Mnamlazimisha mwanamke mwenye heshima aombe alama kama ombaomba!"

Watu zaidi ya mia walikuwa mle ndani, na wote wakageuka kumtazama ombaomba mwenyewe, aliyechuchumaa kando ya kiti kitupu.

Kwenye mlango wa ofisi alikuwa amesimama msimamizi, aliyepewa na wenzake jina la Bwana Tabasamu kwa sababu ya meno yake, ambayo hayafunikwi hata kwenye misiba. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho. Akamshukuru. Akaandika kila neno. Kisha akatembea taratibu mpaka kwa Mama Taulo, meno yote nje, akasema kwa sauti ya kuagiza kahawa: "Beji."

"Bosi, mimi..."

"Ulimwomba alama au hukumwomba?"

"Nilimwomba."

"Beji. Mkataba wako unaisha leo, hatutakuita tena. Hoteli usahau."

Mama Taulo akaibandua beji kifuani. Msimamizi akaitia mfukoni, akaenda kuwatakia wageni safari njema.

Mzee akarudi, anapumua kwa nguvu, uso umenawiri. Kwa macho yake mwenyewe aliona alivyompigania mwanafunzi wake. "Nimewaambia ukweli," akasema. "Wameandika yote. Sasa mambo yatarekebishwa."

"Yamerekebishwa," akasema Mama Taulo. "Wamenifukuza."

"Wame... kwa nini?"

"Kwa kukuomba. Nilikwambia ni marufuku. Nilikwambia ibaki hapa."

Mzee akamgeukia mkewe. Mkewe hakusaidia. Alikuwa anamtazama tu mumewe, na yale macho ya kucheka hayakuwa yanacheka.

Basi Mama Taulo akasimama. Miaka saba kanuni zimemkalia kifuani pamoja na ile beji, na sasa beji haipo. Akanyoosha mkono, kiganja juu, mbele ya foleni nzima. Hakuona haya. Aliona hasira, na ilikuwa hasira tamu.

"Sasa mimi si mfanyakazi wa mtu, naweza kuomba. Nimekutandikia siku saba, nimekuoshea choo siku saba. Naomba tipu yangu."

"Lakini barua..." mzee akagugumia. "Ile barua nimeiandika siku mbili."

"Nimeisoma. Nimelia nayo. Mwanangu hali barua, mwalimu."

Wale watatu waliofutisha pesa zao siku ya pili wakaanza kusoma simu zao kwa bidii, mmoja simu yenyewe imezimwa.

"Mkono mtupu haulambwi, baba," akasema mkewe. "Toa."

"Mama watoto..."

"Toa, nimesema!"

Akatoa. Akafungua pochi. Alianza na noti moja, mkewe akakohoa, akaongeza, mkewe akakohoa tena, mpaka zikafika alizostahili kukatwa wiki nzima, na mama mwenyewe akachukua pochi akaongeza nyingine bila kukohoa, akamrudishia. Mama Taulo akazipokea, akazikunja, akazitia mfukoni mwa sare. Haikuwa hoteli, haikuwa dakika kumi kwa miguu. Ilikuwa nauli na mwezi mmoja wa kula, na baada ya hapo Mungu anajua.

Akageuka kwenda. Mzee, maskini, alibaki ameshikilia pochi wazi. Kuna kitu kilikuwa hakijakamilika na kilimkera, akashindwa kujizuia.

"Hujasema asante," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Taulo akasimama. "Asante zilikuwa ndani ya mshahara, mwalimu. Mshahara umekatika saa hizi."

Akashuka chini kuchukua begi lake.